Kizimkazi, mwezi kumi na tano: jioni iliyoliwa na dakika nane

Kazi ilikuwa picha moja tu: mwamba wa Kizimkazi, Unguja, wakati wa machweo, upana wa sentimita 150, itundikwe nyuma ya meza ya mapokezi ya hoteli. Kwenye upana huo kamera ya megapikseli 24, yenye pikseli 6,000 upande mrefu, inabakiwa na pikseli kama 100 kwa kila inchi. Inatosha kwa mtu anayetazama akiwa mita mbili, lakini haina akiba. Doa la chumvi lisiloonekana kwenye kioo cha kamera litaonekana ukutani, tena kila siku.

Mpiga picha wa kisa hiki ni yeyote. Tumemjenga kutokana na makosa yanayojirudia kwa watu wenye vifaa vizuri na uzoefu wa kutosha, maana anayeanza hukosea mambo mengine kabisa. Hesabu za jua na maji ni za mahali penyewe, kwa kukadiria.

Pwani yetu karibu yote inatazama mashariki. Ukisimama Paje au Jambiani, jua linachwa nyuma yako, juu ya minazi. Anayetaka jua liingie baharini Unguja huenda upande wa magharibi, na Kizimkazi, kusini-magharibi ya kisiwa, ina kitu ambacho mchanga mweupe wa Kendwa haukupi: ukingo wa mwamba wa matumbawe ya kale, wa kijivu cheusi, wenye meno, uliolikwa na maji chini mpaka sehemu ya juu ikatokeza kama upenu wa nyumba. Katikati ya Februari jua huchwa kama saa 12:46 jioni, digrii 13 hivi kusini ya magharibi kamili, yaani wazi juu ya maji. Upepo ni wa kaskazi, unatokea nchi kavu, na mawimbi ni madogo. Hilo la mawimbi madogo likumbukwe, litarudi.

Sasa maji. Mpiga picha wetu alichagua mwezi kumi na tano, siku ya bamvua, yaani siku za mwezi ambazo maji hujaa na kupwa kupita zote, na alichagua vizuri, ingawa sababu yake ilikuwa nyingine (alitaka bahari "iliyojaa"). Unguja, maji ya bamvua hujaa kati ya saa 10 na saa 11 jioni na kupwa kabisa saa 4 usiku au baadaye kidogo. Kwa hiyo jua linapochwa, maji yana saa mbili na robo tangu yaanze kurudi. Siku za maji mafu, yanayojaa na kupwa kidogo, mwezi saba au nane, na tena ishirini na mbili au tatu, mambo hugeuka: yamepwa alasiri, na jioni yanapanda polepole yakikujia kwa nyuma. Wengi huyaona maji mafu kuwa salama kwa sababu hayana nguvu, lakini ndiyo yanayomfungia mtu kwenye jabali gizani, njia aliyojia ikiwa imefunikwa. Bamvua ya jioni hukupa njia pana zaidi kila dakika.

Bamvua ina faida nyingine ambayo kwa picha ni kubwa kuliko usalama. Maji yanayorudi huacha mwamba ukiwa umelowa. Mwamba wa matumbawe ukiwa mkavu hunywa mwanga wote, na kwenye picha huwa shimo jeusi. Ukiwa umelowa, kila kijishimo kina maji, na kila kijishimo kinashika kipande cha anga. Jioni ileile, pembe ileile, tofauti ya mwangaza wa mwamba mkavu na uliolowa ni kubwa kuliko chochote utakachovuta kwenye kompyuta baadaye.

Taabu iko kwenye mwendo. Chukua bamvua ambayo tofauti ya kujaa na kupwa ni mita 3.6. Mabaharia hutumia hesabu ya kumi na mbili: saa ya kwanza maji hushuka sehemu moja ya kumi na mbili, ya pili sehemu mbili, ya tatu sehemu tatu, ya nne tatu tena, kisha mbili, kisha moja. Maji yakijaa saa 10:30, yatakuwa yameshuka sentimita 30 ifikapo saa 11:30, sentimita 90 ifikapo saa 12:30, na kuanzia hapo yanaingia saa ya tatu, yanapokimbia sentimita moja na nusu kila dakika. Ikifika saa 1:00 usiku yako mita 1.35 chini ya yalipokuwa yamejaa. Yaani maji yanashuka kasi kuliko wakati wowote katika dakika zilezile ambazo mwanga nao unashuka kasi kuliko wakati wowote.

Na mwanga wetu hauna subira. Digrii sita kusini ya Ikweta jua huzama karibu wima, digrii moja kila dakika nne. Katika Ulaya ya kaskazini jua hulalia upeo wa macho kwa muda mrefu, na miongozo mingi ya machweo imeandikwa kwa ajili ya anga hiyo. Mtu akiifuata hapa anabaki na giza mkononi. Kuanzia jua kugusa maji mpaka lifike digrii sita chini ya upeo ni dakika 22 hivi. Katika muda huo mwanga hupungua nusu kila dakika tatu. Kwenye kijiji cha Waislamu saa ipo hewani: adhana ya magharibi ikisikika, hesabu imeanza, na adhana ya isha itakukuta gizani.

Mpiga picha wetu alifika saa 11:15, mapema vya kutosha. Saa 11:30 alikuwa ameshaweka tripodi juu ya mlizamu mmoja, ufa wa mwamba wenye upana wa hatua mbili, ambamo maji yaliingia na kutoka yakichora povu. Pembe ilikuwa nzuri: ufa unaelekeza jicho moja kwa moja linapochwa jua. Lenzi ya milimita 20, apecha (kitundu cha lenzi) f/11, ISO (wepesi wa kamera kushika mwanga) 100. Akakaa kungoja. Kosa limeshafanyika hapo, na saa nzima kabla ya jua kuchwa. Mlizamu ule ulikuwa na kina cha kama mita moja. Kati ya saa 11:30 na saa 1:00 maji yangeshuka mita 1.05. Alikuwa ametega picha ya maji ambayo hayatakuwepo.

Saa 12:40 ufa ulikuwa umebaki na kidimbwi na mwani. Akang'oa tripodi, akashuka kwenye bapa la chini lililokuwa linafunuka, akatafuta pembe mpya huku jua likigusa maji. Fokasi akaiweka upya kwa haraka, kwenye upeo wa macho. Hii pekee iliharibu sehemu ya mbele. Kwa milimita 20 na f/11, majedwali ya kawaida husema ukiweka fokasi kwenye mita 1.2 utapata ukali kuanzia sentimita 60 mpaka mwisho wa dunia. Majedwali hayo yalitungwa kwa picha ndogo. Kwa karatasi ya mita moja na nusu lazima ukaze kipimo mara mbili, yaani weka fokasi mita 2.4 na hakikisha hakuna kitu cha maana kilicho karibu kuliko mita 1.2. Hilo hufanywa mchana kweupe, kisha swichi ya fokasi inawekwa kwenye hali ya mkono na haiguswi tena. Kukimbilia f/22 hakusaidii: kitundu kikiwa kidogo hivyo mwanga wenyewe hutawanyika na picha nzima hulainika, na kila chembe ya vumbi na chumvi huchorwa waziwazi.

Saa 12:50 akafunga filta ya ND, kioo cheusi cha kupunguza mwanga, ya stopu 10 (kila stopu hukata mwanga kwa nusu). Alitaka bahari iwe kama ukungu, kama alivyoona kwenye picha za Iceland na Scotland. Bila filta kamera ilikuwa inasoma robo sekunde. Kwa stopu 10 robo sekunde inakuwa sekunde 256, dakika 4 na sekunde 16. Akabonyeza rimoti, akangoja. Saa 12:54 shata, pazia la kamera, ikafungwa. Kisha kamera ikaandika kwamba inashughulika, ikakataa kupiga.

Hapa tusogee karibu, maana ndipo jioni ilipofia. Kamera nyingi zina kipengele cha kupunguza chembechembe kwa picha za muda mrefu. Kikiwa kimewashwa, baada ya kila fremu ndefu kamera hupiga fremu ya pili ikiwa imefunga shata, kwa muda uleule, ili ijue madoa ya kihisi chake na kuyatoa. Ni kazi nzuri kwa mpiga nyota aliye na usiku kucha. Kwa huyu ilimaanisha dakika nyingine 4 na sekunde 16 za kamera kuangalia giza la ndani yake, huku nje mawingu ya juu, yale membamba kama pamba iliyochambuliwa, yakianza kuwaka kwa chini. Wekundu huo huja jua likishazama, kwa kawaida dakika nane mpaka kumi na tano baadaye, kwa sababu mawingu ya juu bado yanaliona jua ambalo sisi hatulioni. Kamera ilipofunguka ilikuwa saa 12:58 na nusu. Dakika nane na nusu kati ya dakika 22, kwa fremu moja.

Nayo fremu hiyo ilitoka na giza. Wengi wakiona hivyo huilaumu filta, wakidhani ina stopu zaidi ya ilizoandikiwa. Wakati mwingine ni kweli, filta za bei nafuu hukosea. Ila hapa filta haikuwa na hatia. Robo sekunde ilisomwa saa 12:50, wakati shata ilikuwa wazi mpaka saa 12:54, na mwanga ulikuwa unapungua nusu kila dakika tatu. Ukijumlisha mwanga uliokusanywa katika dakika hizo nne na robo, unalingana na dakika 2.7 tu za mwanga wa saa 12:50. Upungufu ni theluthi mbili ya stopu.

Fuata hesabu hiyohiyo mbele kidogo utaona jambo ambalo wengi hawalitegemei. Kipimo kikisema dakika 2, acha shata wazi dakika 2 na sekunde 40. Kikisema dakika 4, utahitaji zaidi ya dakika 11. Kikisema dakika 5, usijisumbue: mwanga wote uliobaki mpaka giza, ukiujumlisha, haufiki dakika 5 za mwanga wa sasa. Hauwezi kungojewa, kwa sababu unapungua haraka kuliko unavyoukusanya. Dawa ni kufungua apecha au kupandisha ISO. Mtu aliye f/11 akienda f/8 anapunguza muda kwa nusu, na kwa ISO 200 kwa nusu tena. Dakika 4 zinakuwa dakika 1, na dakika 1 hata machweo ya Ikweta yanaikubali, ukiongeza sekunde nane.

Tuseme haki: giza la theluthi mbili ya stopu kwenye faili ghafi la RAW huinuliwa bila shida. Kilichoiua fremu ile ni maji. Katika dakika nne na robo yalishuka sentimita sita, na ule mstari mkali unaotenganisha mwamba unaong'aa na bahari, ambao ndio uti wa mgongo wa picha hii, ukawa utepe mpana wa uji. Ukungu wa picha za kaskazini hutokana na mawimbi makubwa yanayopiga mwamba tena na tena kwenye kimo kilekile. Mawimbi madogo ya kaskazi kwenye maji yanayokimbia hayatoi ukungu. Yanatoa kioo chafu.

Na jambo linalouma ni kwamba filta ile haikuwa na kazi. Muda unaofaa maji haya ni kati ya nusu sekunde na sekunde moja, ukibonyeza wimbi linapoanza kurudi, si linapokuja. Likija linafunika mwamba na kuleta povu lisilo na umbo. Likirudi linajivuta kwenye vijishimo na kuacha nyuzi nyeupe zinazoonyesha umbo la jiwe. Kwa f/11 na ISO 100, mwanga wenyewe ulikuwa unapita kwenye nusu sekunde kama saa 12:53 na sekunde moja kama saa 12:56. Anga ilikuwa inamletea muda ule bure, ilhali kamera imezibwa.

Saa 12:59 alitoa filta na kupiga fremu kadhaa za sekunde mbili. Rangi ilikuwa inaondoka lakini ipo. Alipozifungua nyumbani, kila kitu chenye mwanga kilikuwa na utando, kama kilipigwa kupitia glasi ya chai iliyopoa. Chumvi. Mwamba uliolikwa chini hurusha matone madogo ambayo huyahisi usoni, na aliposhuka kwenye bapa aliyasogelea. Aliona doa, akafuta kwa kitambaa kikavu, akalisambaza. Chumvi haifutwi kavu: dondosha maji baridi ya kunywa kwenye kitambaa cha kwanza, lowanisha kioo, kausha kwa cha pili. Chupa ndogo na vitambaa vitatu huwekwa mfuko wa mbele, si ndani ya begi lililoachwa juu ya mwamba, na kioo kinakaguliwa kila baada ya fremu tano au sita kwa kukielekeza kwenye anga.

Jioni ileile, kwa mikono ileile, ingeweza kwenda hivi. Unafika saa 10:30, maji yakiwa yamejaa, si kwa ajili ya kupiga bali kusoma. Jedwali la maji unalo, kwa hiyo unajua kwamba saa 12:55 maji yatakuwa mita 1.3 hivi chini ya mstari unaouona. Pima kwa mguu wa tripodi uliofunguliwa kwa urefu huo, uuteremshe kwenye ukingo: ncha inapofika ndipo bahari itakapokuwa. Kilicho juu ya hapo kitakuwa mwamba uliolowa, kilicho chini kitakuwa maji. Bora zaidi ni kwenda asubuhi ya siku hiyo, kama saa 4, maji yakiwa yamepwa kabisa, uone bapa la chini lina umbo gani na mwani umeota wapi, maana mwani ndio unaoteleza. Waulize wavuvi wa diko la karibu njia ya kushukia. Wanaipita kila siku, na ukiwasalimu kwanza watakuambia pia jabali gani limeoza kwa chini lisikanyagwe.

Tripodi isimame mahali pa saa 12:55 kuanzia mapema, hata kama saa 11:30 mbele yake ni maji matupu yasiyo na mvuto. Kawaida hufundishwa kufungua vipande vinene vya miguu kwanza. Baharini fanya kinyume: kipande chembamba cha chini kabisa kivutwe chote, ili kifungio kikae juu ya maji ya chumvi. Mpira wa mguuni uvuliwe, ncha ya chuma iingie kwenye tundu la mwamba, ikandamizwe kwa uzito wa mwili. Tumbawe lililooza huvunjika hapo, na ni heri livunjike kabla ya kamera kupanda. Kipengele cha kutuliza mtikisiko kizimwe. Cha kupunguza chembechembe kizimwe pia, maana kwa ISO 100 na fremu zisizozidi sekunde 30 kihisi cha leo hakikihitaji. Rangi ipangwe kwa mkono, kelvini 5500 au zaidi kidogo. Ukiiachia kamera ichague yenyewe, itauona wekundu wa anga kuwa kosa na kuusahihisha.

Saa 12:20, f/11 inatoa 1/60 hivi, na tofauti ya anga na mwamba ni kubwa mno kwa fremu moja. Piga tatu zilizoachana stopu mbili kama unazitaka, lakini usizitegemee. Filta ya nusu giza yenye mpaka mkali achana nayo, itakata kichwa cha mwamba. Jua linapochwa ni 1/8. Kuanzia hapo tofauti hupungua yenyewe, kwa sababu anga ndiyo inayomulika mwamba, na kati ya saa 12:52 na saa 1:00 fremu moja inabeba vyote. Dakika nane hizo ndizo kazi yote. Kila wimbi linaporudi, fremu moja. Kila dakika tatu, muda mara mbili. Jicho kwenye histogramu, grafu ya mwanga wa picha, upande wa kulia usiguse ukuta katika rangi nyekundu, ambayo hujaa kwanza wakati grafu ya jumla bado inaonekana salama. Saa 1:08 utakuwa sekunde 16, bluu imeingia, mstari wa maji umeanza kulainika. Hapo picha ni nyingine.

Kwa mwezi kumi na tano kuna nyongeza ambayo wengi huikosa kwa kufunga begi mapema. Mwezi wenyewe umechomoza nyuma yako, upande wa nchi kavu. Ukipanda vya kutosha, saa 2 na kitu, unamulika uso wa mwamba uliokuwa mweusi jioni yote. F/4, ISO 800 na sekunde 20 au 30 ni pa kuanzia. Bapa la chini sasa liko wazi lote, na taa za wachokoa pweza zinaanza kutembea juu yake. Omba ruhusa kabla ya kuzipiga, na taa yako ya kichwa ielekee chini, isiwapofushe.

Tripodi ioshwe usiku uleule kwa maji baridi, vifungio vikiwa vimefunguliwa vyote, isimamishwe wazi mpaka asubuhi ikauke. Ukiifunga na chumvi yake, bamvua ijayo, wiki mbili mbele, kipande kile chembamba cha chini hakitatoka.